Makofi Ndani ya Mabano

Nina miaka sabini na saba, na katika miaka yote hiyo sijawahi kutia mkono kwenye mfuko wa nguo ya mtu. Ukiacha suruali za marehemu mume wangu, lakini zile nilikuwa nazifua mimi, kwa hiyo hazimo. Na mkoba wa wifi yangu, mara moja tu, nikaambulia peremende. Na koti la kijivu la Jumapili ile. Hilo nitalifikia, msinikimbize.

Jumapili ile tulikuwa tunangoja posa. Nyumba ilifagiliwa mpaka uvunguni, mahali ambapo hakuna mgeni wa posa aliyewahi kuchungulia. Mwanangu alivaa shati jipya, bado lina mikunjo ya dukani, akawa anatembea nalo kama mtu aliyebeba kioo. Huyu mwanangu ni fundi wa makufuli. Chumba cha mbele ndipo penye mashine yake ya kuchonga funguo, na ukutani funguo zimening'inia kwa mamia, hata mlango ukigongwa ukuta mzima unalia. Zaidi ya hapo ana vyumba sita vya kupangisha nyuma ya uwanja wa mpira, na vyumba hivyo ndivyo vilivyomfanya aikatae posa hii kwa miezi minane.

"Leo namsikiliza tu," alisema. "Kusikiliza siyo kukubali."

"Baba, tafadhali, usimuulize habari za chama," akasema mjukuu wangu. Alikuwa anapanga vikombe kwa mara ya nne.

"Nimuulize nini sasa? Mvua?"

"Muulize hali yake."

"Hali yake naijua. Yuko peke yake."

Na mjini ndilo jina lake hilo: Peke Yake. Kwenye Baraza la Jimbo kuna wajumbe sitini na wanne. Chama chake kina mmoja. Wakiambiwa wajumbe wa kila chama wakashauriane nje, yeye anatoka, anasimama kwenye korido, anajikubalia, anarudi. Zamani alikuwa msukuma vitanda hospitalini, anawatoa wagonjwa wodini kuwapeleka chumba cha upasuaji, na husema siasa alijifunzia huko, kwa kuwa mtu aliyelala chali akisukumwa anakueleza mambo yake yote. Aligombea mara nne. Mara tatu alianguka, na ile ya tatu hata jirani yake wa ukuta mmoja hakumpigia kura. Ya nne akashinda kwa kura kumi na tisa. Tangu aingie amepitisha sheria mbili: wafanyakazi wa ndani wapate siku moja ya kupumzika kila wiki, na kila ofisi ya serikali iwe na njia ya kupitisha kiti cha magurudumu. Ya tatu ilikuwa ipigiwe kura Jumatano: mpangaji asitolewe chumbani bila taarifa ya miezi mitatu, na mwenye nyumba atakayebadilisha kufuli mtu akiwa kazini ashtakiwe.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwanangu. Mwenye vyumba ni yeye. Fundi wa makufuli ni yeye. Na mkwe anayepiga hodi ndiye mwenye sheria.

"Nimnyweshe chai, nimpe na binti, halafu anifunge," alikuwa akisema. "Hata kuku hamkaribishi mpishi."

Mjukuu wangu naye ni mwandishi wa kumbukumbu za Baraza. Anakaa meza ndogo chini ya kiti cha Spika, anaandika kila kinachosemwa, neno kwa neno, hata wakitukanana. Nyumbani tunamwita Kalamu. Kila mjumbe hupelekewa nakala mbili za hotuba yake: moja aisahihishe na kuisaini airudishe, nyingine abaki nayo. Wengine huzirudisha wamejipamba; aliyegugumia anataka iandikwe kwamba alinguruma. Peke Yake alikuwa anasahihisha kazi za watu tu.

"Hapa pameandikwa mfua nguo," alimwambia mjukuu wangu siku ya kwanza, amesimama mlangoni pa chumba cha kumbukumbu na karatasi mkononi. "Yule mama ni mpiga pasi. Akisikia nimemwita mfua nguo hatanisamehe."

Mjukuu wangu alirudi nyumbani jioni ile akaniambia, "Bibi, aliyekosea kusema ni yeye. Mimi niliandika sawa. Lakini nilifuta."

Nikajua ugonjwa umeshaingia.

Basi saa tisa alasiri mlango ukagongwa, funguo zikalia. Peke Yake akaingia amelowa mabega. Hakuja na mjomba wala shangazi wala rafiki wa kumsemea. Nikasema moyoni, hata kwenye posa kaja mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akamtazama mjukuu wangu mara moja, haraka, kama mtu anayegusa birika kuona kama bado lina moto, kisha akaondoa macho. Mimi nimeishi na mume miaka arobaini. Jicho hilo nalijua. Halikuwa la heri.

"Koti limelowa hilo," nikamwambia. "Na kifungo kimebaki na uzi mmoja. Lete nikishone."

"Hapana, bibi. Nitakishona mwenyewe."

"Mheshimiwa akishona, mimi nifanye kazi gani? Nitunge sheria?"

Akaling'ang'ania kidogo. Lakini mimi nimelea watoto saba, nimenyang'anya mengi. Nikalivuta koti, nikaenda nalo kwenye kiti changu cha dirishani, nikafungua kopo langu la sindano.

Mgeni hakukaa. Mwanangu akakohoa. Hotuba alikuwa nayo, nilimsikia akiifanyia mazoezi bafuni.

"Mheshimiwa, kabla hujasema kilichokuleta, mimi kama baba—"

"Mzee, nisamehe. Sikuja kuposa. Nimekuja kuvunja."

Kikombe cha mwanangu kilisimama njiani, katikati ya kisahani na mdomo. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nikajichoma kidole na sikusikia uchungu. Mjukuu wangu alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina. Kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, chai ikaanza kutembea mezani kuelekea ukingoni, na sisi sote tukawa tunaitazama inavyotembea.

"Kuvunja nini?" mwanangu akauliza. Miezi minane alikuwa akiliomba neno hilo lije, na lilipokuja likamkuta hana pa kuliweka.

"Mimi na Kalamu. Tuachane. Leo hii, kabla ya kesho saa tatu asubuhi."

Mjukuu wangu akaliweka birika chini. "Kuna nini kesho saa tatu?"

"Katibu wa Baraza atakuita. Wamegundua makofi."

Nilikuwa nadhani siri zote za mtoto huyu ninazo mimi. Ninayo ya meno ya maziwa aliyoyaficha kwenye unga, ninayo ya mwalimu wa hesabu. Hii sikuwa nayo. Lakini uso wake ulivyopauka nilijua kwamba ipo, na kwamba ni kubwa.

"Makofi gani?" akauliza mwanangu.

Peke Yake akajibu taratibu, kama anamweleza mgonjwa. "Mzee, kwenye kumbukumbu, watu wakicheka, mwandishi anaandika kicheko ndani ya mabano. Wakinung'unika, anaandika minong'ono. Wakipiga makofi, anaandika makofi. Sasa kila hotuba yangu, kwa miaka mitatu, mwisho wake pameandikwa makofi. Na mle ndani hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi. Hata kwa bahati mbaya."

"Sasa nani—" Mwanangu akamgeukia binti yake. "Ni wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kwenye kitabu cha serikali?"

"Ndiyo, baba."

Mtoto huyu hajapata kuchukua kijiko cha sukari bila kuomba. Nilimtazama kama namwona kwa mara ya kwanza. Na sitaficha, pamoja na kushtuka, kuna sehemu yangu ndogo iliyosema kumbe damu yangu hii.

"Mjumbe mmoja wa chama kikubwa alikuwa anachimba kumbukumbu za zamani," Peke Yake akaendelea, "anatafuta cha kunipigia kabla ya Jumatano. Akakuta siku moja ya mvua kubwa. Waliokuwemo ukumbini ni watano, na wawili wamelala. Kumbukumbu inasema: makofi ya muda mrefu."

Hakuna aliyecheka. Siku nyingine ningecheka mimi.

"Wamekuandalia fomu," akamwambia mjukuu wangu, macho yake yako kwenye kisahani kilichofurika. "Swali ni moja. Una uhusiano na mjumbe yeyote nje ya kazi? Ukiandika hapana, watasema ni kosa la mkono uliochoka. Utapewa karipio, utarudi mezani kwako. Ukiandika ndiyo, kazi huna, na kumbukumbu zote za muswada wangu zinatupwa nje. Kura ya Jumatano imekufa, na baada ya hapo ni uchaguzi. Mimi sirudi mle tena."

"Kwa hiyo umekuja kuniacha ili niandike hapana."

"Nimekuja ili ukiandika hapana usiwe umesema uongo."

Hapo ndipo ilipo shida ya kupenda mtu wa kweli. Mji mzima unajua Peke Yake hasemi uongo. Ndiyo sababu alianguka mara tatu.

Mwanangu alitakiwa afurahi. Badala yake alikuwa amekunja uso, anafikiri jambo jingine. "Hiyo siku ya mvua," akasema. "Ulikuwa unazungumzia nini?"

"Habari za yule mama mpiga pasi. Alirudi jioni akakuta kufuli la mlangoni siyo lake. Pasi yake iko ndani, nguo za watu ziko ndani."

"Alikuwa amepanga wapi?"

Peke Yake akatazama sakafu. "Sikumtaja mwenye nyumba, mzee. Wala sitamtaja."

"Chumba namba nne," akasema mjukuu wangu. "Nyuma ya uwanja. Niliyaandika yote, baba, neno kwa neno, na nilijua ni wewe. Na mwisho nikaandika makofi ya muda mrefu."

Mwanangu akashusha kikombe, akakikosa kisahani. "Mpwa wangu alikuwa anakuja," akasema, na hakuna aliyemuuliza. "Alihitaji chumba."

Mimi mwanangu aliniambia yule mama kahama mwenyewe. Nami nilimwamini, kwa sababu kumwamini ilikuwa kazi nyepesi kuliko kwenda kuuliza. Nilishika sindano yangu nikaangalia dirishani. Mama yake ni mimi. Aibu ile ilikuwa na sehemu yangu.

"Lakini mimi sikuandika uongo," mjukuu wangu akasema.

"Kalamu, hakuna aliyepiga," akasema Peke Yake.

"Nilipiga mimi. Kwa vidole viwili, chini ya ukingo wa meza. Kila ulipomaliza. Siku ile ya mvua nilipiga mpaka kidole kikaniuma wiki nzima. Kazi yetu ni kuandika kilichosikika, na mimi nilikisikia. Kumbukumbu haisemi ni makofi ya nani."

Yule mwanamume alishika mgongo wa kiti, na vidole vyake vikawa vyeupe kama vya mtu anayesukuma kitanda mlimani.

"Miaka mitatu nakupelekea nakala," akaendelea mjukuu wangu, na sasa sauti ilikuwa imeanza kumponyoka. "Kila ukirudisha naiangalia kwanza pale mwisho, nione kama umekata. Hukukata hata moja. Wala hukuniambia neno. Tumekaa mara ngapi kwenye benchi la bustani, nikingoja useme? Nikajiambia, ameona, anaona haya tu. Niambie leo. Uliona?"

Alichelewa kujibu. Katika kuchelewa kule kila kitu kilikuwa usoni mwake, kimeandikwa kwa herufi kubwa. Lakini mjukuu wangu macho yalikuwa yamejaa maji, hakuweza kusoma. Kisha akanyoosha mgongo, vile anavyofanya akisimama mbele ya wale sitini na tatu.

"Sikuona."

"Hukuona."

"Mimi nasoma majina ya watu na kazi zao. Mabano siyasomi. Ningeyaona ningeyakata, si haki mtu kupewa makofi ambayo hayakupigwa. Nimeyajua Ijumaa, Katibu aliponiita."

Alisimama pale mjukuu wangu kama mtu aliyeambiwa kwamba barua zake zote, miaka mitatu, zilikuwa zinapelekwa nyumba ya jirani, na jirani alikuwa anawashia jiko.

"Hata moja?" akauliza.

"Hata moja."

"Na mimi je? Unanipenda, hunipendi? Jibu tu. Kesho nina fomu."

"Kalamu—"

"Jibu, Mheshimiwa."

Hakuwahi kumwita Mheshimiwa ndani ya nyumba hii. Neno lile lilimpiga, nililiona linamfika.

"Sikupendi," akasema. "Nilikuwa nakuheshimu. Ulikuwa unaandika vizuri."

Mwanangu akainuka nusu, akakaa tena. Nadhani alitaka kumfukuza mtu na hakujua amfukuze nani. Mjukuu wangu akaenda kwenye rafu ya redio, akachukua daftari lake la kazi na kalamu, akarudi mezani, akasukuma vikombe pembeni. Akakaa mgongo wima.

"Sema tena," akamwambia. "Taratibu. Nataka niandike neno kwa neno, nisije nikaongeza kitu."

"Usinifanyie hivyo."

"Sema."

Akasema. Kila neno lilimtoka kama mtu anayetema kokoto. Kwamba hampendi. Kwamba hakuyaona makofi, hata moja, kwa sababu mabano hayasomi. Kalamu ikawa inakwenda juu ya karatasi, kwa mwandiko ule ule wa Baraza, safi, umesimama.

Na mimi nilikuwa na kifungo cha kushona, msisahau. Kushona kifungo cha koti lazima utie mkono kwa ndani, sindano isije ikashika bitana. Nikatia. Upande wa kushoto, kwenye mfuko wa ndani, nikagusa kitu kinene, kigumu, cha karatasi. Nikajiambia, wewe mama, hayo siyo yako. Nikajiambia mara mbili. Ya tatu nilikuwa nimeshaitoa bahasha na kuifungua.

Zilikuwa karatasi za Baraza, zile nyembamba. Kutoka kila hotuba alikuwa amechukua ukurasa wa mwisho tu. Zimekunjwa mara nne, na mikunjo imechakaa mpaka inapitisha mwanga, jinsi inavyokuwa karatasi iliyofunguliwa na kufungwa, ikafunguliwa na kufungwa. Chini ya kila ukurasa lile neno la ndani ya mabano lilikuwa limezungushiwa duara la penseli. Na kando ya duara pana maandishi madogo.

Mimi shule niliishia ya msingi, na nasoma kwa kidole, na kwa sauti. Kusoma kimya hawakutufundisha.

"Makofi," nikasoma. "Nimesikia."

Kalamu ikasimama.

Nikafunua ya pili. "Makofi. Nimesikia." Juu pana tarehe, ya miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili. Nikafunua nyingine, na nyingine. Neno lilikuwa lile lile, penseli mbalimbali; moja hata kalamu ya wanja, sijui aliazima kwa nani. Ya siku ya mvua ilikuwa imechakaa kuliko zote. Hiyo niliisogeza dirishani.

"Makofi ya muda mrefu. Nimesikia. Usiku sikulala."

Peke Yake alikuwa ameshapiga hatua mbili kuja kwangu, mkono mbele. "Bibi," akasema, "ulisema kifungo tu."

"Kifungo nimemaliza." Nikamwonyesha. "Hebu niambie, Mheshimiwa. Mabano umeanza kuyasoma lini?"

Akafungua mdomo. Mtu huyu amewahi kusimama saa nzima peke yake mbele ya watu sitini na tatu wakimzomea, na maneno hayakumwishia. Sasa alisimama katikati ya chumba chetu, mkono bado umenyooka, masikio yamemwiva, na halikutoka hata moja. Mwanangu alikuwa anamtazama. Funguo zote ukutani zilikuwa zinamtazama.

Mjukuu wangu hakuinua uso mara moja. Alilitazama daftari, pale alipoandika kwamba mabano hayasomi. Akasogeza kalamu mpaka mwisho wa mstari, akafungua mabano, akaandika neno moja, akayafunga.

Kimya.